Karatasi Inasema "Chanya": Je, Mimi ni Mgonjwa?

*Maswali yenu kuhusu magonjwa na kinga, yakijibiwa na mtaalamu wetu wa maabara*

Shikamoo. Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki walinipima homa ya ini B, na karatasi ya majibu imeandikwa: "Antijeni ya uso: hasi. Kingamwili dhidi ya antijeni ya uso: chanya." Aliyenipa karatasi alikuwa na foleni ndefu, akasema niko sawa, nikaondoka. Mume wangu alipoliona neno chanya, alivitenga vyombo vyangu. Mtoto wangu yuko salama? – Mama Mtarajiwa

Marahaba, mwanangu. Karatasi hiyo haisemi kwamba una virusi vya homa ya ini B. Inasema havikuonekana, na tena una kinga dhidi yake. Virudishe vyombo mahali pake leo hii. Hata kama ungekuwa na virusi, visingempata mumeo kupitia sahani wala kikombe. Vinapita kwa damu na majimaji ya mwili: kwa kujamiiana, kwa sindano iliyokwisha kutumika, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Sasa mwite mumeo muisome pamoja. Kwetu maabara, chanya maana yake ni kwamba tulichokitafuta tumekikuta, na hasi ni kwamba hatukukikuta. Kama hiyo ni habari njema au mbaya inategemea tulikuwa tunatafuta nini.

Mstari wa kwanza tulitafuta antijeni. Antijeni ni kitu ambacho mfumo wa kinga hukitambua kuwa kigeni ukaanza kukishughulikia, mara nyingi kipande cha kimelea. Antijeni ya uso ya homa ya ini B ni protini ya gamba la nje la virusi hivyo. Tukiikuta kwenye damu, virusi vimo, na ikidumu zaidi ya miezi 6 tunasema maambukizi yamekuwa sugu. Kwako hatukuikuta.

Mstari wa pili tulitafuta kingamwili. Hizi ni protini zinazotokana na aina ya chembe nyeupe za damu iitwayo limfosaiti B. Kila kingamwili ina antijeni yake inayoishika, ikaizuia au ikaitia alama ili chembe nyingine zije kuimeza. Za kwako zinashika gamba la virusi vya homa ya ini B. Zikifika yuniti 10 za kimataifa kwa lita moja ya damu, huhesabiwa kuwa zinatosha kukukinga.

Zimetoka wapi? Ama ulichanjwa, pengine ukiwa mdogo, ama uliwahi kuambukizwa ukapona pasipo kujua. Kipo kipimo cha tatu kinachotenganisha haya mawili, cha kingamwili dhidi ya kiini cha virusi. Chanjo ina protini ya gamba peke yake, kwa hiyo mtu aliyechanjwa tu hana kingamwili za kiini. Ukiwa nazo, mwambie daktari wako, akumbuke siku utakapohitaji dawa za kushusha kinga.

Mtoto naye achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, ingawa mama yake ni salama. Watoto wachanga wanaoambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki na maambukizi sugu. Kwa watu wazima wenye afya ni chini ya 5 kati ya 100.

Nina ombi kwa wengine mnaosoma: msiichukue tafsiri hii mkaipeleka kwenye kipimo cha VVU. Huko kingamwili chanya, ikithibitishwa kwa vipimo vya marudio, maana yake virusi vimo, kwa sababu mwili huvitengenezea kingamwili bila kuweza kuvimaliza. Na hasi ya mapema haitoshi. Kingamwili huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kuonekana, ndicho kile kipindi cha dirisha ambacho washauri hukisisitiza. Mtoto wa mama mwenye VVU, akiwa chini ya miezi 18, anaweza kuonekana chanya kwa kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Yeye hupimwa virusi vyenyewe.

Inaniuma kuona karatasi yenye habari njema ikitenga watu nyumbani. Kabla hujaondoka dirishani, muulize anayekupa majibu: mlitafuta nini, na kukikuta kuna maana gani kwangu? Una haki ya kujibiwa, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza. Nachanganya maambukizi na ugonjwa, dalili na ishara. Naomba msaada kabla ya mtihani. – Muuguzi Mtarajiwa

Maambukizi ni kimelea kuingia mwilini na kuzaliana humo, kiwe bakteria, virusi, fangasi, protozoa au mnyoo. Ugonjwa ni pale mwili unapodhurika na kazi zake kuvurugika. La kwanza laweza kuwepo bila la pili. Inakadiriwa robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wa kifua kikuu, lakini katika kila 100 kati yao ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Waliobaki, kinga imewadhibiti bakteria hao. Hawakohoi wala hawaambukizi wengine.

Usikariri hapo ukadhani kila asiyeumwa haambukizi. Mary Mallon, mpishi wa New York mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na bakteria wa homa ya matumbo, naye akijiona mzima kabisa. Familia alizozipikia ziliugua moja baada ya nyingine. Alitengwa mwaka 1907, akaachiwa, akakutwa anapika tena, akatengwa mara ya pili mwaka 1915 hadi kifo chake mwaka 1938. Mtu wa namna hiyo tunamwita mbebaji. Namhurumia sana mama yule, maana sidhani kuna aliyekaa naye akamweleza kwa utulivu kilichokuwa ndani ya mwili wake.

Kuhusu dalili na ishara: dalili ni anachokihisi mgonjwa na kukueleza, kama kichefuchefu au maumivu. Ishara ni unachokiona au kukipima mwenyewe, kama nyuzijoto 39 au macho ya njano. Mitaani maneno haya hubadilishana, ila kwenye faili la mgonjwa yatenganishe.

Nina baridi yabisi, na daktari amenipa dawa za kushusha kinga. Rafiki yangu ananiambia niziache nitumie unga wa kuongeza kinga, kwa kuwa bila kinga nitakufa. Nifanye nini? – Mzee wa Magoti

Usiziache, mzee wangu. Rafiki yako anakupenda, lakini katika ugonjwa wako kinga ndiyo inayoshambulia. Kazi yake ya kwanza ni kutofautisha cha mwili na cha kigeni. Ikikosea, huwasha moto kwenye viungo, na hiyo ndiyo baridi yabisi yako. Ikiharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, tunapata kisukari cha aina ya kwanza. Ikipambana na vumbi au karanga kana kwamba ni adui, huo ni mzio. Kuongeza kinga, basi, si jambo jema kwa kila mtu.

Kushushwa kinga kuna hatari zake pia. Ukipata homa, usingoje ipite yenyewe, nenda hospitali. Na kabla ya chanjo yoyote taja dawa zako, maana baadhi ya chanjo zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na huenda zisikufae.

Mama mkwe anasema heri mtoto augue surua apate kinga ya maisha kuliko kuchanjwa. Ni kweli? Na mbona mafua hatuyapatii kinga ya maisha? – Mama wa Wawili

Kwamba kinga ya surua hudumu ni kweli. Surua ilipoingia visiwa vya Faroe mwaka 1846 iliwapata watu wapatao 6,000 kati ya karibu 7,800. Daktari Peter Panum alikuta kwamba wazee waliougua mlipuko wa 1781 hakuna hata mmoja aliyeugua tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita. Chembe za kumbukumbu, yaani zile za kinga zinazokumbuka kimelea zilichowahi kukutana nacho, hazikusahau. Mafua, kwa upande mwingine, huletwa na jamii nyingi za virusi, na moja tu kati ya jamii hizo ina aina zaidi ya 100, na kuikumbuka aina mojawapo hakukukingi na zilizobaki.

Ila mwambie mama, kwa heshima, kwamba surua yenyewe huua watoto, na anayepona hubaki amepoteza sehemu ya kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine, wakati mwingine kwa miaka. Chanjo inafundisha kinga bila kufuta kumbukumbu hiyo. Angalia kadi za watoto wote wawili. Dozi ya surua ni mbili, na kama ya pili bado, wapeleke wiki hii.