Jibu: Watarajali waanzie wapi kukagua saratani ya ngozi? Waanzie unyayoni

Mkuu, umeuliza namna ya kuwafundisha madaktari watarajali huku Mbeya kukagua saratani ya ngozi. Waanzie unyayoni. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, ndiyo maana mtarajali hutazama uso na mgongo akadhani kamaliza. Kwa mtu mweusi, melanoma (saratani ya chembe za rangi ya ngozi) hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha.

Baridi nayo ni kikwazo. Mgonjwa wa Juni na Julai huja na sweta mbili na soksi, na daktari mgeni huona haya kumvua. Vuteni pazia, awepo muuguzi, afunuliwe sehemu moja moja kwenye mwanga wa kutosha. Miguu ya mkulima ioshwe kwanza kwa sabuni, maana udongo kwenye magaga huficha doa. Achanue vidole vyote. Rangi ya kucha ifutwe.

Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwetu. Kinachotia shaka ni mstari wa kucha moja, hasa dole gumba, unaopanuka, uliopita milimita 3, au weusi uliosambaa hadi ngozi ya shina la kucha. Tena si kila melanoma ni nyeusi: nyingine ni uvimbe mwekundu unaotibiwa kwa miezi kama sugu au kidonda cha kisukari. Ukiona doa baya, papasa na mitoki.

Kidonda ndugu, au kovu la moto lililochimbika upya, tazama kingo: zimeinuka, ngumu, zinatoa damu kirahisi? Kovu la utotoni laweza kugeuka saratani hata baada ya miaka 30.

Kwa mwenye ualbino, anza juu. Vua kofia, kagua nyuma ya masikio, mdomo wa chini, shingo, migongo ya mikono. Pitisha kidole taratibu; madoa ya awali hukwaruza kama msasa kabla jicho halijayaona. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mionzi ya urujuanimno ya jua, ile inayounguza ngozi, huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000. Hewa kuwa baridi si kinga.

Kwa Kaposi, saratani inayohusiana sana na VVU, fungua kinywa utazame kaakaa, na umshauri mgonjwa apime VVU.

Sehemu inayoharibika zaidi ni kuchukua kinyama cha kupima maabara. Wengi hukata katikati ya kidonda, maabara ikapokea uozo mtupu, majibu yakarudi hayana maana. Kata ukingoni, mahali palipoinuka, upate kina. Doa dogo linaloshukiwa melanoma litolewe lote na milimita 2 za ngozi yenye afya kulizunguka. Lisikwanguliwe wala kuchomwa, kwa sababu unene wake ndio unaoamua tiba. Formalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi, iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Jina liandikwe kwenye kichupa chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Na kwenye daftari iandikwe simu ya mgonjwa pamoja na ya ndugu yake, kwani majibu yakichelewa atakuwa amesharudi Makete au Chunya.