Maswali ya wasomaji: Tunataka kujenga hospitali, benki ya maendeleo itatukopesha?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi ni madaktari watatu, tuna zahanati inayojaa kila siku na kiwanja tumeshanunua, hati tunayo. Ramani imechorwa, vitanda 80, tieta, wodi ya wazazi na ICU. Benki tulikoenda wanataka tulipe ndani ya miaka 5 na marejesho yaanze mwezi unaofuata. Rafiki yetu anasema twende benki za maendeleo eti riba yao chini na wanatoa hela yote. Ni kweli?

JIBU: Hongereni kwanza kwa hicho kiwanja, maana wengi wanaotuandikia hawana hata hicho. Ila rafiki yenu amewapa nusu ya habari, na hiyo nusu yenyewe imepinda.

Benki za maendeleo, yaani taasisi za fedha zilizoundwa na serikali kukopesha miradi ya kukuza uchumi na huduma, hela yote hawatoi. Chukulia IFC, hili ni lile shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi tangu 1956, kwa mradi mpya kabisa kawaida yao ni kuchangia mpaka asilimia 25 ya gharama, mradi mdogo wanaweza kufika 35, zinazobaki zitoke kwenu na kwa wakopeshaji wengine. Na riba pia si ya chini kama mnavyoambiwa, wanatoza kwa bei ya soko kwa sababu hawataki kuua benki za biashara. Mnachokwenda kupata kule ni muda. Mkopo wa miaka 7 mpaka 12, halafu ule muda wa neema ambao hulipi mtaji, yaani hela yenyewe uliyokopa, mara nyingi unalipa riba tu, mpaka jengo liishe na wagonjwa waanze kuingia. Kwa hospitali hilo ndo kila kitu, jengo halijengwi kwa mwezi na wagonjwa hawahamii kwa siku moja.

Na hapo kwenye wagonjwa ndo miradi mingi inafia. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha mradi mmoja, waombaji wameleta meza yao ya ekseli imepangwa vizuri kweli, rangi rangi, mwezi wa kwanza vitanda vimejaa asilimia 70. Afisa mikopo akaweka kalamu kwenye hicho kisanduku akauliza, hawa watu wa mwezi wa kwanza leo hii wanatibiwa wapi, na kwa nini waache huko waje kwenu? Chumba kizima kimya. Sasa nyie jibu mnalo jamani, zahanati inajaa! Toeni kwenye madaftari yenu ya rufaa idadi ya akina mama mliowapeleka kwingine kujifungua, waliohitaji operesheni, waliohitaji ICU, mwezi kwa mwezi kwa miaka 3. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko ramani ya msanifu.

Kitu cha pili ni mtaji wa kuendeshea. Watu wanahesabu matofali na mashine wanasahau kwamba bima inaweza kukaa na hela yako miezi miwili mitatu huku nesi anataka mshahara mwisho wa mwezi, oksijeni inaisha leo na jenereta haijui kwamba bima hawajalipa. Hospitali moja niliyoifuatilia kwa karibu ilimaliza jengo zuri sana, mashine ya CT ikakaa kwenye boksi lake kwa sababu hela ya kumlipa fundi wa kuiendesha haikuwepo, ilinisikitisha mno kwa sababu watu walikuwa wanaihitaji ile mashine pale pale. Kwa hiyo wekeni mishahara na dawa za miezi sita kwenye gharama ya mradi tangu mwanzo, msione aibu kwamba jumla imepanda.

La tatu, sarafu. Benki nyingi za maendeleo zinakopesha kwa dola au yuro na nyie mgonjwa anawalipa kwa hela ya nchini, sarafu ikishuka deni linavimba na hamjakosea chochote. Ulizeni mapema kama kuna mkopo wa sarafu ya ndani, siku hizi inawezekana kwa sababu kuna mfuko wa TCX, ulianzishwa 2007 Uholanzi, kazi yake ni kubeba hiyo hatari ya kubadilisha fedha. Bei yake iko juu kidogo. Mimi ningelipa.

Kwa ukubwa wa mradi wenu sidhani mtaanza na hao wakubwa moja kwa moja, wao wanapenda mikopo mikubwa kwa sababu uchambuzi wa mkopo mdogo unawagharimu karibu sawa na wa mkubwa. Nendeni kwenye benki ya nchini kwenu muulize kama wana fungu la mkopo au dhamana kutoka benki ya maendeleo, muda mrefu unapatikana kwa njia hiyo. Na kwa Afrika kuna mfuko wa mikopo ya afya unaoitwa Medical Credit Fund, tangu 2009 inahangaika na zahanati na hospitali ndogo hasa.

SWALI: Tutatakiwa dhamana gani?

JIBU: Ardhi, jengo, mashine, mara nyingi na hisa zenu. Pia akaunti ya akiba ya kulipia deni. Na fedha inayobaki baada ya matumizi iwe imezidi rejesho, tuseme mara 1.3 na kuendelea, msifike pale mnagusa 1 kamili.

SWALI: Mimi ni nesi. Hela ya maendeleo si ni kwa ajili ya wanyonge? Mbona hospitali zinazopewa ni za wenye nazo?

JIBU: Dada, au kaka, swali lako ni zito na halina majibu mepesi. Mwaka 2023 Oxfam walitoa ripoti kali kuhusu hospitali binafsi zilizopata fedha za mashirika haya, wakieleza wagonjwa waliotozwa kupita uwezo wao na hata waliozuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Kumzuia mama aliyejifungua asiende nyumbani kwa sababu anadaiwa ni unyama, sina neno jingine. Miradi ya IFC ina ofisi ya malalamiko, CAO, tangu 1999, mtu aliyeumizwa anaweza kupeleka kesi yake huko mwenyewe. Lakini malalamiko yanakuja mtu ameshaumia. Mimi naona yaandikwe kwenye mkataba wa mkopo kabla hela haijatoka: hakuna kuzuia mgonjwa wala maiti, dharura inapokelewa kwanza bili baadaye, na bei zibandikwe ukutani pale mapokezi. Na wale madaktari watatu wa swali la kwanza, kama mnasoma hapa, msisubiri benki iwaambie, yawekeni wenyewe kwenye andiko lenu.