Anakutafuta akiwa na shida tu: bado ni rafiki?

Pole sana, ndugu yangu. Unauliza kama mtu mliyejuana miaka mingi, ambaye siku hizi anakupigia simu akiwa na shida tu, na hela zako hajarudisha, bado ni rafiki. Mimi nisingemkata haraka hivyo.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja urafiki wa aina tatu: wa manufaa, wa raha, na wa kumpenda mtu kwa wema wake. Huu wa tatu, alisema, ni adimu na unahitaji muda. Wengi tunaumia kwa sababu tunadai haki za urafiki wa tatu kwa mtu ambaye tangu mwanzo alikuwa wa ule wa kwanza.

Sasa mchunguze kwa jambo dogo. Akishaeleza shida yake, anakuuliza habari zako na kusubiri jibu? Anakumbuka kwamba juzi ulimwambia mama anaumwa? Kama anakumbuka, huenda amelemewa tu na maisha. Kaa naye ana kwa ana, umwambie: "Natamani unitafute hata siku ambayo huna shida." Mtu anayekujali atashtuka, pengine ataona aibu, lakini atakusikia.

Asipobadilika, msaidie unapoweza, kataa usipoweza, na siri zako wape wengine. Deni lizungumzie siku nyingine kabisa, mapema, bila kulichanganya na haya ya moyoni.