Laini mpya Marekani: intaneti ipo, simu haitoki

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimefika Columbus, Ohio, wiki mbili sasa nikitokea Dar es Salaam. Nimenunua laini ya huku na kuiweka kwenye simu niliyokuja nayo. WhatsApp inafunguka vizuri, ila nikipiga simu ya kawaida inakata papo hapo. Dukani wanasema laini ni nzima. Halafu, laini yangu ya Tanzania niitupe?

JIBU: Marahaba, dada. Laini ni nzima kweli, tatizo lipo kwenye simu. Ulipokuwa nyumbani huenda uliona kwamba ukipiga, alama ya 4G juu ya kioo inageuka kuwa H au E, ukikata inarudi. Maana yake sauti ilikuwa inapita kwenye mtandao wa zamani. Huko Marekani njia hiyo haipo tena: kampuni za simu za AT&T, T-Mobile na Verizon zilizima 3G mwaka 2022. Sauti sasa husafiri juu ya 4G yenyewe, kwa huduma iitwayo VoLTE, na simu nyingi zinazouzwa kwetu hazikuandaliwa kuitumia kwenye mitandao ya Marekani.

Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, washa VoLTE kama ipo, zima simu na uiwashe upya, kisha jaribu kupiga. Ikikataa, bonyeza *#06#, chukua ile namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) yenye tarakimu 15 na uihakiki kwenye tovuti ya kampuni ya laini yako. AT&T wana orodha ya simu wanazozikubali; kama yako haimo, usimlipe mtu akuchezee mipangilio. Tafuta simu iliyotengenezwa kwa soko la huko, hata iliyotumika, ilimradi haijafungwa kwa mtandao mmoja. Na usichelewe, dada yangu: simu isiyopiga inaweza kukukatalia hata 911, namba ya dharura ya huko, na WhatsApp haipigi 911.

Ukiahidiwa simu ya bure kwa mkataba, subiri kwanza. Watakagua historia yako ya mikopo, nawe ndiyo kwanza umefika. Laini ya kulipia kabla haihitaji namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho inayotolewa na serikali ya huko.

Ya Tanzania usiitupe hata kidogo! Benki na pesa za simu hutuma namba za siri za uthibitisho kwenye laini hiyo. Iweke kwenye tundu la pili, zima data yake, na uitumie mara moja moja, kwani laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. WhatsApp iache kwenye namba hiyohiyo.

Hata hiyo namba yako mpya huenda ilikuwa na mwenyewe. Marekani namba iliyoachwa hupumzishwa angalau siku 45 tu kabla ya kugawiwa tena. Wakipiga wanaomtafuta mtu usiyemjua, hasa wadai madeni, waambie imebadili mwenyewe. Jina lako na tarehe ya kuzaliwa usiwape.