Wahusika wa zamu katika mchezo wa mezani

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unaongoza mchezo wa kuigiza wahusika wenye wachezaji saba, ambao kila kikao hufika wanne tu, tena si wale wale, na kisa hukatika kila anapokosekana mwenye mhusika muhimu. Kwa maoni yangu kosa si la wachezaji, bali ni kwamba kisa umekifunga kwenye watu badala ya kukifunga mahali.

Mchezo wa Ars Magica, uliotolewa Marekani mwaka 1987, ulilitatua jambo hili kwa kuyafanya makao ya wachawi kuwa kitovu cha kisa. Kila mchezaji ana mchawi wake na mwandani mmoja, lakini walinzi na watumishi ni wa wote, na yeyote aliyepo anaweza kumchukua mmoja wao. Mchawi ambaye mchezaji wake hakufika husemwa kuwa yumo maabarani msimu mzima, na kanuni zenyewe huihesabu kazi hiyo kuwa maendeleo yake, si adhabu.

Hakikisha, basi, kwamba safari inaanza na kuishia nyumbani katika kikao kimoja, hata ikibidi ufupishe pambano. Weka pia daftari la wahusika wa pamoja. Langu lina mlinzi ambaye ukurasa wake unasema: “Bega la kushoto bado linauma; anamdai mpishi sarafu mbili.” Wachezaji watatu tofauti wameshamwigiza, na wote wamelikumbuka deni hilo.