Picha ya kuchora aliyoacha marehemu mzee ukutani: usimuulize bei mtu anayetaka kuinunua

Simu nyingi ninazopigiwa zinatoka kwenye familia zilizotoka msibani. Mzee alikuwa na picha zake za kuchora sebuleni tangu miaka ya 70, watoto wamekua wanaziona hapo ukutani na hakuna aliyezijali, sasa arobaini haijaisha ameshatokea mtu anajiita mtaalam wa sanaa, kaziangalia dakika kumi, katoa bei, na anataka aondoke nazo leo leo na hela anayo mfukoni. Ndio wananipigia, dada tumuuzie au tusimuuzie?

Jibu langu siku zote ni moja, huyo anayewatajia bei ndiye mnunuzi, sasa atawatajia bei gani jamani? Hata kama ni mtu mwema na ana sala tano, faida yake iko kwenye nyie kutojua. Mthamini wa kweli unamlipa kwa kazi yake, kwa siku au kwa picha, mnakubaliana kabla hajaanza, na anakuandikia kwenye karatasi kwamba hana mpango wa kuinunua hiyo picha wala ya kumtafutia mtu wa kuinunua. Akikwambia malipo yake ni asilimia ya thamani atakayoipata, muache, maana kila akipandisha bei na yeye anapanda. Na washauri wanaomtafutia mtu picha za kununua ni hivyo hivyo, muulize waziwazi kama na muuzaji anampa kitu, kwa sababu wapo wanaokula kwako na wanakula cha juu kule kule galari, na wewe unaona umesaidiwa.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Hapa Dar karibu kila mtu ananiambia ana Tingatinga orijino. Mchoraji mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, alichora miaka michache tu, mwishoni mwa miaka ya 60 mpaka 1972 alipopigwa risasi na polisi hapa hapa mjini kwa kudhaniwa mhalifu, kwa hiyo kazi zake mwenyewe ni chache na zilizobaki Tanzania ni chache zaidi, nyingi walinunua wageni pale Oysterbay wakaondoka nazo. Alichokianzisha wakakibeba ndugu na wanafunzi wake, kina January Linda, Simon Mpata, Ajaba, na baada yao wengine wengi mpaka leo, ndio maana jina Tingatinga limekuwa la mtindo mzima na kuliona pembeni ya picha hakukuthibitishii kitu.

Mimi kitu cha kwanza naigeuza picha. Kuna mama mmoja aliniletea chui mzuri sana, saini ipo, na kaambiwa na mtu ni ya 1970, nikaigeuza nikakuta kitambaa cha kanvasi cheupe kisichokuwa hata na vumbi. Tingatinga alikuwa anachora kwenye hadbodi, ile ya kufunikia dari, kipande cha kama futi 2 kwa 2, na rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Hadbodi ya miaka hamsini nyuma inakuwa kahawia iliyoiva, kingo zimeanza kuvimba kwa unyevu wa Dar, misumari ya fremu imeacha kutu, na ukibahatika kuna kijikaratasi cha duka au maandishi ya kalamu ya aliyeinunua. Hicho kijikaratasi kinaweza kuwa na kazi kuliko saini. Yule mama picha yake ni nzuri na bado anayo ukutani, ila sio ya hela aliyokuwa ameambiwa.

Na tafadhali sana msisafishe kabla mtu hajaiona! Watu wanachukua kitambaa na maji ya sabuni, wengine wanaita fundi aongeze rangi pale ilipobanduka, na hapo ndio thamani inapoishia. Iacheni na uchafu wake.

Kwa George Lilanga, msanii mwingine wa hapa kwetu, kuna shida nyingine. Alikuwa na vijana wengi wakimsaidia kazi, akafariki 2005 jina likiwa kubwa mpaka Ulaya, kwa hiyo feki za Lilanga ni nyingi mno. Pale mthamini asipokuuliza ilinunuliwa wapi, nani, mwaka gani, kuna risiti au picha ya mzee amesimama nayo, basi huyo anakisia tu. Historia ya umiliki sio mambo ya kizungu, kuna kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar mwaka 1984 kikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na kilirudi nyumbani 2010. Kama makumbusho makubwa namna ile yalinunua kitu cha wizi, mimi na wewe je?

Halafu ujue unathaminisha kwa ajili ya nini. Bei ya bima ni ile ya kwenda dukani kununua nyingine kama hiyo, kwa hiyo inakuwa juu. Bei ya kugawana urithi au kuuza ni ndogo zaidi, na watoto wa marehemu wanagombana bure kwa sababu mmoja kashika karatasi ya bima na mwingine kashika bei ya dalali. Ukitaka kujua soko lilivyo angalia matokeo ya minada, Circle Art wa Nairobi wanauza sanaa ya Afrika Mashariki kwa mnada tangu 2013, na London wapo Bonhams. Lakini bei inayotangazwa mara nyingi imeshajumlisha ada anayolipa mnunuzi, na wewe muuzaji unakatwa kamisheni yako kwenye bei ya nyundo, yaani ile iliyofikiwa mnadani kabla ya hiyo ada, bado usafiri, bado bima ya njiani, kwa hiyo usipige hesabu ya nyumba kwa namba uliyoiona mtandaoni.

Kabla ya yote hayo, leo hii chukua simu upige picha kila kazi mbele na nyuma, pima sentimita, andika nani anakumbuka nini kuhusu ilikotoka, haswa bibi na shangazi waulizwe wakiwa bado wapo, halafu nakala wapewe warithi wote kabla hata picha moja haijatoka nje ya nyumba.