Punguza vitabu, usiahirishe mtihani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha za maswali uliyokosa nimezipitia moja baada ya nyingine. Umeuliza kama wiki sita zilizobaki, nawe uko benki mpaka jioni, zinatosha kukutoa alama 575 hadi 645 kwenye GMAT, huo mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, au uahirishe mpaka mwakani. Usiahirishe. Mwakani kazi haitapungua, na maombi ya vyuo ya Januari yakikupita utakaa mwaka mzima ukisema unajiandaa. Ila kwa namna unavyosoma sasa, hata ukipewa wiki sitini utabaki hapo hapo.

Tuanze na hicho kitabu alichokuazima mwenzako wa ofisini. Yeye alifanya mtihani 2019, na mtihani ule haupo tena. Toleo jipya lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwishoni mwa Januari 2024. Insha imeondolewa. Kusahihisha sentensi za Kiingereza, ambako najua umekesha, kumeondolewa. Jometri nayo imeondoka, na hilo limeniuma kidogo kama mwalimu, lakini kwako ni nafuu. Zimebaki sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, ufahamu na hoja maswali 23, uchambuzi wa data maswali 20. Mrudishie kitabu chake, umshukuru, na usimweleze zaidi ya hapo.

Sasa matokeo yako ya jaribio la kwanza. Hesabu 79, ufahamu 80, data 76. Sehemu zote tatu zina uzito sawa katika alama ya jumla, lakini ratiba uliyonitumia imejaa hesabu, na data umeiwekea Ijumaa usiku, wakati umeshachoka. Naelewa kwa nini unaikimbia. Majedwali yale yanachosha macho, na unahama kutoka grafu kwenda barua pepe kisha kwenye jedwali jingine ndipo ulijue swali lenyewe. Lakini wewe ni mtu wa benki, unasoma majedwali kila siku na unalipwa kwa hilo. Humo pia ndimo yalimohamishiwa maswali ya kuamua kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Machaguo yake matano hayabadiliki kamwe, ni yale yale kwa kila swali la aina hiyo. Yakariri jioni moja, usiyasome tena.

Kisha nikayapanga makosa yako kwa chanzo chake, si kwa mada. Machache sana umekosa kwa kutojua. Lipo linalouliza kama x ni namba chanya, na taarifa ya kwanza inasema x kipeo cha pili ni 9. Umejibu kuwa inatosha. Ulimwona 3, ukamsahau hasi 3 aliyekaa pembeni yake. Lipo jingine ambapo umesoma "angalau wawili" ukahesabu wawili tu. Kuna la asilimia ambalo ulilipata sawasawa kwenye karatasi, kisha ukabofya jibu la mstari wa juu. Hakuna mada mpya ya kukufundisha hapo. Ni alama zako mwenyewe unaziacha mezani, na kwa muda ulio nao hizo ndizo za kuokota kwanza.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Kila swali ulilokosa, andika sentensi moja tu ya Kiswahili inayotaja kosa: "nimesahau hasi", "sikusoma neno isipokuwa", "nimeanza kukokotoa kabla ya kujua ninachoulizwa". Suluhisho usilinakili. Nimefundisha wanafunzi wengi wenye madaftari yaliyonakshiwa kwa wino wa rangi tatu, suluhisho limeandikwa vizuri kuliko langu ubaoni, na swali lile lile wakalikosa tena. Baada ya siku tatu au nne lirudie swali bila kutazama popote. Ukilikosa kwa sababu ile ile, hapo kweli una somo la kusoma.

Jambo la pili ni saa. Swali la mabomba mawili yanayojaza tangi ulilikalia karibu dakika tano, ukalipata, na najua ulifurahi. Matokeo yake maswali matatu ya mwisho hukuyagusa kabisa. Kuacha swali wazi kunakuumiza kuliko kulijibu vibaya, kwa hiyo lile tangi limekugharimu. Una takribani dakika mbili kwa kila swali. Zikifika na huoni njia, kisia, weka alama ya kulirudia, songa mbele. Ukimaliza sehemu na muda umebaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Hiyo ni akiba, usiipangie mipango. Na maswali yakizidi kuwa magumu usitaharuki. Kompyuta inapandisha ugumu kadiri unavyopatia, kwa hiyo kuona umekwama katikati si dalili ya kushindwa.

Kuhusu muda wa kusoma, acha usiku. Ukishashuka mwendokasi pale Kimara umebaki mwili tu. Lala saa tatu na nusu usiku, amka saa kumi na moja alfajiri, soma kwa muda wa saa moja, siku tano za kazi. Siku mbili za data, mbili za hesabu, moja ya hoja, zote kwa kipima muda. Jumamosi asubuhi fanya sehemu mbili mfululizo za dakika 45, mchana pitia makosa. Jumapili pumzika. Kwenye basi usijidanganye na maswali mapya huku umening'inia; soma lile daftari.

Majaribio kamili ya bure kwenye tovuti rasmi ya mtihani ni mawili, na moja umeshalitumia. La pili usiliguse mpaka zibaki siku kama kumi. Vijana wengi wanafanya jaribio kila wiki, wanatazama alama, wanahuzunika, wanafanya jingine, na makosa hakuna aliyeyasoma.

Kuhusu 645 nitakuwa mkweli. Ukichukua nafasi yako kati ya watahiniwa wote, hiyo inakaribia ile 700 ya zamani ambayo bosi wako anaitajataja, kwa hiyo akikuuliza mbona hujafika 700 mweleze mizani imebadilika. Kupanda alama 70 kwa wiki sita ni kazi. Mimi natarajia kitu kama 615 mara ya kwanza, na sitashangaa ukizidi. Ndiyo maana nakuomba uangalie kalenda leo hii: kurudia kunahitaji siku 16 kupita, na nafasi ya pili lazima iangukie kabla ya mwisho wa maombi. Ikibidi, uwahishe mtihani wa kwanza kwa wiki moja. Alama utaziona mwenyewe kwanza, ndipo uamue vyuo gani uvitumie, kwa hiyo mtihani wa kwanza ukienda vibaya hautakuharibia mbele ya chuo chochote.

Likizo ya wiki mbili usiombe. Utalala, utapika, utatembelewa. Omba siku mbili, ya kuamkia mtihani na ya mtihani wenyewe.

Picha za daftari nitumie kila Jumamosi jioni, kosa tu, bila maelezo. Baba yako anakusalimu sana. Anasema atachangia nusu ya ada ya mtihani. Nimemwambia alipe yote, bado anafikiria, kwa hiyo mpigie simu wewe.

Mama yako